Kizibao cha Usufi

Watu wakija kuniuliza habari za kazi yangu wanataka niwasimulie huku nacheka. Wanakaa hapo kwenye kiti cha wageni, wanakunywa chai yangu, halafu wananiuliza: mzee, wazo la kutengeneza vifaa vya kuokolea watu majini ulilitoa wapi? Na jibu wameshalibeba kutoka kwao. Wanataka niseme kwamba nilipokuwa mtoto nilimwona bata akielea, nikajiuliza anaeleaje. Bata gani! Sikujiuliza kitu mimi. Mimi nilikasirika, na mpaka leo sijatulia, na hasira hiyo ingepoa nadhani nisingeshona tena hata mfuko wa kwendea sokoni.

Nimetengeneza vitu vingi, sikatai. Nimetengeneza mikanda ya viti vya ndege ndogo, ile inayofunguka kwa mkono mmoja hata kama mtu ananing'inia kichwa chini. Nimetengeneza boti la turubai linalojikunjua lenyewe likitupwa majini, na kamba ya kumrushia mtu anayezama ambayo haijifungi mafundo njiani. Vingine vimeingia kazini, vingine vimeozea katika stoo za wakubwa. Lakini vyote hivyo vilizaliwa na kitu kimoja nilichokishona Tanga miaka ya hamsini, kizibao kilichojazwa usufi, na hicho sikumshonea rubani wala abiria. Nilimshonea kaka yangu, kwa sababu alifanya kazi juu ya maji na hakujua kuogelea.

Sisi ni Wabondei wa upande wa Muheza. Mto wa kwetu ukijaa sana unafika magotini, sasa kuogelea tungejifunzia wapi? Baba alikata mkonge mpaka akafa, na mama akapata kijiwanja Pongwe, akajenga kibanda, akalima mihogo. Kaka alikuwa ndiye mkubwa, akaenda mjini akawa kuli bandarini. Siku zile meli haikuja kulala gatini Tanga. Ilisimama huko kwenye kina, na shehena ilipelekwa na kurudishwa kwa matishali, yale madude mapana ya chuma yasiyo na injini, yanayokokotwa na boti la kuvuta. Makuli walipita na magunia mgongoni juu ya ubao, kutoka tishali moja hadi jingine, na chini ya ubao ni bahari. Nusu yao walikuwa watu wa milimani na wa mashamba ya mkonge kama sisi. Bahari waliiona kwa mara ya kwanza siku ile walipoandikwa kazi.

Mimi nilipata njia yangu kwa cherehani. Nilikuwa nimejifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa Ngamiani, na siku moja akaja mtu kutoka kiwanja cha ndege kuuliza nani anajua kushona kwa mkono, mshono mdogo, imara, unaofuatana. Vijana wa leo nikiwaambia kwamba mbawa za ndege zilikuwa za kitambaa wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Zilikuwa za kitambaa, bwana. Kitambaa cha kitani juu ya mifupa ya mbao, kinashonwa kwa uzi uliopakwa nta, halafu kinapakwa dawa kali ya kukikaza mpaka ukikipiga kidole kinalia kama ngoma. Kazi yangu ya kwanza ya uhandisi ilikuwa hiyo, sindano na nta.

Aliyenifundisha alikuwa fundi mkuu wa karakana, mzee wa Kizungu, mkali, mchache wa maneno, lakini hakumficha mtu kazi. Ndege zetu zilivuka bahari kwenda Pemba na Unguja, kwa hiyo chini ya kila kiti palikuwa na kizibao cha kuelea. Akanipa vile vilivyochanika nivishone. Nikakifumua kimoja, nikatia mkono ndani, nikaanza kucheka peke yangu. Ulikuwa usufi. Usufi uleule tunaojazia mito! Nilidhani nitakuta dawa fulani ya ajabu kutoka Ulaya, kumbe nimekuta mto wa bibi yangu. Mzee hakuona cha kuchekesha. Alinieleza kwamba unyoya wa usufi una hewa ndani yake na mafuta kidogo nje yake, ndiyo maana maji yanaukataa. Usiufue kwa sabuni, akasema, na usiukandamize. Ukikandamizwa unakufa, na ukifa utauona upo palepale, umejaa vilevile, lakini haubebi mtu tena.

Basi nilikuwa na elimu hiyo kichwani kaka alipoanguka mara ya kwanza. Aliteleza kwenye ubao akaenda na maji. Aliyemwokoa ni serahangi wa tishali lao, yaani msimamizi wa wale makuli, mtu mzima wa Ushongo aliyezaliwa bahari iko mlangoni. Aliruka na nguo zake, akamkamata kaka shati, akamrudisha juu. Jumapili yake tulikutana Pongwe kwa mama, na kaka akaisimulia habari yote kama kichekesho, jinsi alivyokunywa bahari nusu na bado chumvi haijamtoka. Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwacha, akanigeukia mimi.

"Wewe unashona mbawa za watu," aliniambia. "Mshonee na ndugu yako kitu."

Kwanza nilikwenda kwa tajiri. Tajiri ndiye mwenye matishali, na ndiye aliyekuwa na kandarasi ya kupakia na kupakua. Nilisimama mbele ya meza yake na kofia mkononi, nikamweleza kwa adabu kwamba vipo vizibao vya namna hii na namna hii, na kwamba watu wake hawajui kuogelea. Aliniuliza vizibao hivyo vinavaliwa na nani. Nikasema abiria wa ndege. Akasema abiria wa ndege ni abiria, hawa ni makuli, na kama kuli anaogopa maji mashamba ya mkonge yapo tele na hayana maji. Alisema hivyo akiwa anatafuta miwani yake, wala hakuniangalia. Nilivaa kofia yangu mlemle ofisini mwake, nikatoka.

Nikashona mwenyewe. Kulikuwa na misufi mikubwa upande wa Nguvumali, na wanawake wa pale walinichambulia usufi hadi haukubaki na mbegu hata moja. Nilitumia turubai jepesi, nikalishona kwa uzi mwekundu, mistari miwili sambamba, kama tulivyofanya kwenye mbawa, ili uzi ukikatika uonekane haraka. Siku ya kukijaribu nilimpeleka kaka Raskazone, nikamwambia aingie. Alinitukana sana. Aliingia hatua kwa hatua, akishika mkono wangu kwa nguvu hadi ukaniuma, na maji yalipomfika kidevuni miguu ikamtoka chini, akaelea. Mtu mzima yule, mwenye mabega kama mlango, alilala chali juu ya maji akaangalia mawingu, akakaa hivyo muda mrefu. Alipotoka aliniomba nimwache arudi tena.

Nilifurahi, kwa muda. Baada ya wiki kadhaa nilikichukua kizibao nikakipime, maana mzee alinifundisha kwamba kifaa cha kuokolea kinapimwa kila mara, hakiaminiwi kwa sura. Tulikuwa na tangi la maji karakana. Nilikifunga chuma chenye uzito wa kutosha, nikakitumbukiza. Kikazama mzimamzima kama kiatu. Nilikitoa nikakipapasa, na usufi ulikuwa umelala, umegandamana, umekufa kabisa. Sikuelewa. Nikapanda baiskeli mpaka bandarini, na kabla sijauliza mtu nikamwona ndugu yangu anapita na gunia la kahawa begani, na chini ya gunia, imekunjwa vizuri mara mbili, fulana yake ya sufu. Nikamuuliza kizibao alikuwa akikivaa vipi. Akanionyesha. Hakukivaa. Alikuwa akikikunja na kukiweka begani chini ya gunia, kama ngata, kwa sababu kilikuwa laini kuliko kitu chochote alichowahi kuwekea mzigo. Na wenzake walikuwa wakikiazima kwa zamu.

Nilimwaga maneno siku ile ambayo mama asingeyapenda. Nilimwita mjinga mbele ya watu. Nilimwambia nimekesha, nimejichoma sindano, nimeomba usufi kwa watu nisiowajua, yeye anautwanga kwa magunia. Alinisubiri nimalize. Kisha akafungua vifungo vya shati, akanionyesha bega lake. Ngozi ilikuwa imetoka, ikapona, ikatoka tena, hata rangi yake haikuwa ya ngozi.

"Maji yataniua siku moja, ikiwa yataniua," alisema. "Gunia linaniua kila siku."

Niliondoka bila kumuaga. Nilimkasirikia siku nyingi, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alichosema ndicho. Nilikuwa nimemshonea mtu anayeanguka majini, sikumshonea mtu anayebeba. Na kaka yangu alikuwa anabeba tangu asubuhi mpaka jioni, kuanguka ni jambo la mara moja.

Hapo ndipo nilipovumbua kitu kwa mara ya kwanza, ikiwa neno kuvumbua lina maana yoyote. Serahangi yule wa Ushongo alinisaidia. Kwao wanawake wanafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani mpaka yaoze, halafu wanayafukua na kuyaponda wapate nyuzi za kusokotea kamba. Aliniletea furushi la nyuzi hizo, ngumu, zinazonyumbuka, zisizolala hata uzikalie. Nikazijaza mabegani, zikawa ngata mbili zilizoshonewa humohumo kwenye kizibao. Usufi nikauhamishia kifuani na nyuma ya shingo, mahali ambapo gunia haligusi. Kwa hiyo ili apate kupumzisha bega, ilimpasa akivae. Na akikivaa, anaelea. Mzee wa karakana alikizungusha mikononi, akakipima kwenye tangi siku nzima, akanirudishia. Alisema angependa wazo hilo liwe lake. Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kaka hakukivua tena. Na alipoanguka mara ya pili, akiwa na gunia la kopra, gunia lilikwenda zake na yeye akaibuka palepale, kofia kichwani, anatema maji na kumtukana aliyemwaga mafuta kwenye ubao. Tishali zima lilicheka. Serahangi aliniambia walicheka mpaka wakakaa chini. Wakawa wanasema kaka ni kizibo cha chupa, na jina likamganda. Lakini kesho yake asubuhi makuli wote walikaa juu ya magunia gatini, wakakataa kupanda. Hawakupiga kelele wala kutukana. Walikaa tu, wakasema wanataka vizibao kama cha yule. Meli ilikuwa inangoja huko nje, na tajiri anajua meli inayongoja ina maana gani. Kabla ya adhuhuri aliahidi.

Akaniita. Safari hii kiti kilikuwepo. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaniita fundi, akauliza mama hajambo, akasema tangu awali aliliona wazo langu ni zuri. Nikampa kielelezo cha kukatia kitambaa, bure, na nikamwambia mambo mawili tu. Mabegani makumbi, kifuani usufi. Na usufi wenyewe asubiri, misufi ilikuwa bado haijapasua maganda yake, baada ya kipindi kifupi utapatikana mwingi. Akaitikia ndiyo, ndiyo, fundi. Kichwa kilikuwa kinakwenda juu na chini mpaka nikamwamini.

Wiki ileile karakana ikanipeleka Unguja. Ndege yetu moja ilikuwa imepigwa na dhoruba ikiwa chini, bawa zima limepasuka, na ilibidi lishonwe upya hukohuko. Nilikaa kwa muda. Nilirudi nikiwa nimeketi nyuma ya rubani, na tulipokuwa tunashuka tulipita chini sana juu ya bandari. Nikaona matishali yamejipanga kando ya meli, na juu yake makuli, na kila kuli amevaa kizibao. Kila mmoja. Nilimgusa rubani begani nikamwonyesha kwa kidole, nikapiga kelele kushinda injini kwamba ni vyangu vile, ni vyangu. Sijawahi kujisikia vile tena maishani, hata waliponipeleka Nairobi kusoma, hata waliponiita mhandisi.

Sikuwahi kwenda gatini kuvishika. Kazi ilikuwa ikinisubiri karakana, nikasema nitakwenda Jumamosi. Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, na serahangi wa Ushongo akaja kiwanja cha ndege na baiskeli, nguo zimemganda mwilini. Nikamwamkia shikamoo. Alivua kofia yake akaikamua maji, akaikamua tena, na mimi nikajua.

Alinisimulia tukiwa tumesimama chini ya bawa. Ubao ulikuwa na maji ya mvua. Boti la kuvuta lilipita karibu, tishali likayumba, kaka akaenda. Watu wakaanza kucheka kabla hajafika chini. Kizibo kimeanguka, walisema, na wote wakaja ukingoni kumwangalia anavyoibuka. Serahangi mwenyewe alikuja. Alikuwa na mikono miwili na anajua kuogelea kuliko wote pale, na alisimama akitabasamu.

"Tulikuwa tunangoja aibuke," aliniambia. "Tumesimama pale, tunangoja."

Alipotambua kwamba haibuki aliruka, lakini mvua ilikuwa imeyachafua maji, hakuona kitu. Walimpata baadaye sana.

Walikuwa wamemlaza gatini chini ya turubai. Watu walinipisha. Jambo la kwanza nililoliona ni uzi mwekundu, mistari miwili sambamba, na nikadhani ni changu, kumbe hata uzi walikuwa wameuiga. Kisha nikakishika. Kilikuwa kizito namna ambayo mtu mmoja hawezi kukinyanyua kwa mkono mmoja. Mkasi wangu ulikuwa mfukoni, kama siku zote, na nikakipasua kifua toka juu hadi chini. Ndani mlikuwa na taka za katani. Zile nyuzi fupi fupi zinazotupwa kiwandani baada ya mkonge kuchanwa, ambazo hazifai hata kamba. Zilikuwa zimenyonya maji zikavimba. Mabegani, ah, mabegani tajiri alikuwa ameweka makumbi, safi, ya kutosha. Ngata aliitaka. Ngata inaharakisha kazi.

Sikumbuki vizuri nilifikaje ofisini kwake. Nakumbuka kizibao nilikuwa nacho, na maji yakitiririka sakafuni, na karani wake akisimama. Nilikibwaga mezani juu ya makaratasi yake yote. Nikamuuliza usufi uko wapi. Alirudisha kiti nyuma ili maji yasimfikie suruali. Alisema usufi ulikuwa haujakomaa, nilimwambia mwenyewe, na meli haingoji misufi ipasue. Alisema watu hawa walikuwa wamegoma, ilibidi watulizwe. Hata sauti hakuipandisha.

"Walitaka kuvaa," alisema. "Wamevaa."

Nilimrukia. Nilimpata kola na kipande cha sikio, kisha wakanipata wao, na siku hiyo niliishia kituoni. Mzee wa karakana ndiye aliyekuja kunitoa. Hakunihubiria. Alinirudishia mkasi wangu, akanipakia kwenye gari lake pamoja na baiskeli yangu, akanipeleka mpaka Pongwe. Kuhusu kaka yangu ikasemwa kwamba aliteleza. Na kweli aliteleza, nani amekataa? Tajiri yule aliendelea na kazi yake, akazeeka, akafa kitandani kwake, na mimi nilikuwa hai kusikia akisifiwa kwa kuwapa makuli wa Tanga vizibao.

Lakini siku zile za matanga kulikuwa na hasira nyingine iliyokuwa ikinila zaidi ya hiyo, na hiyo ilikuwa ya kaka mwenyewe. Changu kiko wapi? Nilimshonea cha kwake, cha usufi, kilichomwelesha mbele ya macho ya watu wote. Kwa nini siku ile avae cha tajiri? Nilikuwa nikipokea mikono ya watu wa msibani na moyoni namtukana marehemu. Nilikitafuta kwenye sanduku lake la mjini, hakimo. Niliwauliza wenzake, hawajui. Nikaamini amekiuza.

Tulimzika. Watu walipopungua, mama aliniita chumbani kwake, akaniambia nikae. Alikuwa amelala ubavu, amechoka kulia, mkono chini ya mto. Akalalamika kidogo shingo, ile shingo yake ya siku zote. Kisha akaupigapiga mto ukae sawa, na foronya ikasogea, na nikauona uzi mwekundu.

Aliona ninapoangalia. Akanieleza, kwa upole kabisa, akipapasa ule mto, kwamba kaka alimletea wakati mimi niko Unguja. Alimwambia kazini wamepewa vipya wote, vile vya ndugu yake, kwa hiyo hiki cha zamani akilalie yeye, shingo ipate nafuu. Aliyatoa yale makumbi ya mabegani kwa mkono wake ili kiwe laini kwake. Akamsifia usufi wangu kwamba hauna hata mbegu. Alicheka kidogo mama alipokumbuka hilo. Halafu kicheko kikakatika, na nikaona wazo linamjia usoni, polepole, na nikatamani kulizuia kwa mikono yangu.

"Vile vipya," aliniuliza, "ulivishona wewe? Ni sawasawa na hiki?"

Kweli ilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeibeba tangu gatini, nilikuwa tayari kuipigia kelele kwa mtu yeyote na mahali popote. Ningesema, la mama, vile ni vya tajiri, ni taka za katani. Na yeye angejua kwamba kile ambacho kingemwokoa mwanawe kilikuwa hapo, chini ya shavu lake, usiku wote ule, na asubuhi ile ya mvua.

"Nilivishona mimi, mama," nilisema. "Ni vilevile."

Mimi nilikuwa nikiangalia sakafu.

"Basi hukushona vizuri," alisema, akageukia ukutani.

Nilimwomba serahangi asimwambie, naye akawaomba makuli, na hakuna aliyemwambia. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakunitukana, hakunifukuza, alinipikia kila nilipokuja. Lakini nguo yake ikichanika aliipeleka kwa fundi wa Pongwe, na nilipomwambia nimepewa cheti kwa kifaa changu cha kwanza alisema hongera akaendelea kumenya mihogo. Mara moja tu alinipa kazi. Alikuwa mzee sana, akanikabidhi ule mto, akasema umelala, shingo imerudi kuuma, niujaze upya. Nilikwenda Nguvumali, nikatafuta usufi, nikauchambua mwenyewe mpaka mbegu ya mwisho, nikaujaza. Nikaufunga kwa uzi mweupe, uwe mto tu.